Bendi Iliyofungwa kwa Mafuta ya Ubatizo

Kuna bendi zinazofungwa kwa mkataba, na mkataba, Mungu ashukuriwe, una wakili wa kuuvunja. Bendi ya Bati ya mjini Volos haikuwa na mkataba hata wa karatasi moja. Ilifungwa kwa mafuta ya ubatizo na mataji ya harusi, na wakili wa vitu hivyo hajazaliwa. Ndiyo maana Zisis Karanasos, mpiga gitaa la besi, alikaa humo miaka thelathini na sita, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo alikuwa akiutafuta mlango.

Si kwamba hakuipenda kazi. Nalisema mapema, maana mjini kwetu watu wana midomo, na wapo wanaodai Zisis alikuwa mvivu tangu kuzaliwa. Waongo. Mwaka 1988, alipokuwa na miaka kumi na minane, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika mazoezini na wa mwisho kuondoka. Walifanyia mazoezi katika banda la mjomba wake, fundi bati wa mtaa wa Nea Ionia. Kiangazi banda lilikuwa tanuri, kipupwe likawa jokofu, na kuta zake za bati zilirudisha kila sauti mara mbili. Jina la bendi lilitoka humo. Walikuwa wanne: Asteris mwimbaji, kijana wa maneno mengi, Rizos mpiga ngoma, ambaye alivunja viti vya watu kabla hajapata ngoma zake mwenyewe za kuvunja, Lambros wa gitaa, na Zisis, aliyepewa besi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Waliimba Kiingereza ambacho hakuna aliyekielewa, wao wakiwa wa kwanza. Siku moja mama yake Zisis, Bibi Garufalia, alipita bandani na sufuria ya maharage, akasimama, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyu Asteris maskini anaumwa wapi?" Wiki iliyofuata wakaanza kuimba lugha yao.

Jeshi likawatawanya kama linavyowatawanya wote. Zisis alilinda mpaka kule Evros, na Rizos akatupwa kisiwani Lemnos kuhesabu mbuzi na mawimbi. Asteris macho yake yalikataliwa na jeshi, kwa hiyo alibaki Volos akiwasubiri na kuandika nyimbo. Lambros naye alipomaliza zamu yake hakurudi. Alishuka Athene kupiga katika kumbi za starehe, zile ambazo wateja humrushia mwimbaji maua kwa sinia, na hata nyaya zake hakuja kuzichukua.

Asteris alilia wiki nzima. Watu hudhani waimbaji wa roki huwalilia wanawake. Huyu alimlilia mpiga gitaa. Na kuachwa kule kulimwachia ugonjwa usiopona: hofu kwamba siku moja atageuka nyuma jukwaani na kukuta hakuna mtu. Tangu hapo wapiga gitaa wa Bati walikuwa wa kukodi, wakija na kuondoka kama wapangaji. Lakini Zisis na Rizos aliapa kuwa hawatamponyoka.

Mwaka 1994 ukaja wimbo. Uliitwa "Usinifungie Dirisha", na ulianza kwa noti nne za besi, nne tu, ambazo hata mtoto mwenye homa angeweza kuzipiga. Zisis alizitunga akiwa amekaa juu ya pipa akisubiri Rizos amalize kula. Kufika kiangazi kilichofuata noti hizo zilikuwa zinapigwa na honi za magari. Wasichana waliandika maneno ya wimbo kwenye mifuko yao ya shule. Huko Patra wanafunzi waliuimba wote hadi mwisho, Asteris amesimama kimya mkono kifuani. Thesaloniki umeme ulikatika na uwanja ukaendelea kuimba gizani. Mwaka 1997 walipiga maonyesho arobaini na moja katika miezi mitatu, wakalala melini, wakalala garini, na mara moja, meli zilipogoma, wakalala siku nne kwenye bandari ya kisiwa cha Hio wakila tikiti maji. Hiyo ndiyo miaka mizuri, na Zisis mwenyewe akiulizwa hukubali hivyo. Ila hata wakati huo, wenzake walipopanda juu kwa shangwe, yeye alikuwa akitazama saa.

Alikuwa amempenda Vaia, binti wa mkulima wa matufaha wa Zagora, kule mlimani Pilio. Baba yake Vaia alikuwa amechoka na hakuwa na mtoto wa kiume. Mwaka 1998 Zisis akaamua: harusi, kisha matufaha. Alimwendea Asteris akamwambia kwamba kiangazi kile kitakuwa cha mwisho kwake.

"Vizuri sana," Asteris akasema, na macho yakamjaa maji. "Unaoa. Vizuri sana. Na mataji atashika nani?"

Sasa hapo ndipo mtego ulipokuwa. Kumbaro ndiye anayekubadilishia mataji kichwani siku ya harusi, na ndiye anayempaka mwanao mafuta na kumtoa majini siku ya ubatizo. Akishafanya hivyo ni ndugu, na ni zaidi ya ndugu, kwa sababu ndugu mnaweza kugombania shamba mpaka mahakamani, lakini kumbaro hagombwi wala hakataliwi. Zisis alikuwa na haya ya kusema "si wewe". Asteris akashika mataji, akalia kuliko mama wa bibi harusi, na Jumatatu yake akapiga simu: "Kumbaro, Alhamisi tuna Larisa. Nije kukuchukua saa ngapi?" Ungemwambia nini mtu kama huyo? Zisis akasema saa nane. Matufaha ya Zagora yakapewa binamu.

Mara ya pili ilikuwa 2002, alipozaliwa binti yake. Zisis alimfungukia Asteris kwamba hataki mtoto akue akimwona baba kwenye mabango. Asteris akasikiliza kwa huruma yote, akamkumbatia, akasema, "Nitambatiza mimi. Usiwe na wasiwasi, hatakosa baba." Akambatiza, akalitamka jina la bibi yake, Garufalia, kwa sauti iliyotikisa vioo vya kanisa, nyumbani wakamwita Lia. Kwa Rizos alishabatiza wavulana wawili. Mwanawe mwenyewe, Asteris alimkabidhi Zisis ambatize, ili fundo likazwe pande zote. Siamini kama alifanya kwa hila. Alikuwa mtu wa mapenzi makubwa na hofu kubwa, na kwa watu wa namna hiyo huwezi kujua lipi linafanya kazi.

Basi miaka ikaenda. Mafuta yale yakawa mazito kuliko damu. Kisha ukaja ukata ulioikumba nchi nzima, majukwaa makubwa yakafungwa, na Bati wakaanza kupiga kwenye sherehe za halmashauri. Hizo mnazijua: meya anazungumza dakika arobaini, moshi wa mishikaki unaingia koo la mwimbaji, na uwanja wa pili kijiji kingine kinasherehekea mtakatifu wake kwa zumari lenye spika kubwa kuliko zako. Watu walikuja, siwezi kusema hawakuja. Lakini walikuja kusikia wimbo mmoja. Bati walitoa albamu mpya mwaka 2008, nyingine 2012, na humo kuna nyimbo, nasema mbele ya Mungu, nzuri kuliko ule. Haikusaidia. Kila Asteris alipotangaza wimbo mpya, baba fulani mwenye mtoto mabegani alipiga kelele, "Dirisha, wewe! Dirisha!" Wakauweka mwisho wa kila onyesho ili watu wasiondoke. Zisis alihesabu siku moja kwamba amezipiga noti zile nne jukwaani zaidi ya mara elfu moja na mia mbili. Zilikuwa zimemchosha kiasi kwamba akizisikia sokoni alibadili njia.

Na sikio. Sikio la kushoto lilianza kulia mwaka 2009, mlio mwembamba kama friji kuukuu lililowekwa chumba cha pili. Alidhani ni friji kweli, akamwita fundi. Mwaka 2013 mlio ukakatika, naye akafurahi, mpaka alipogundua kwamba kila kitu kimekatika upande ule. Hakumwambia mtu. Alijifunza kukaa ukutani kwenye baa, kutembea kushoto kwa watu, kucheka wenzake wakicheka. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini Zisis hakuwa akificha maradhi. Alikuwa akificha sababu. Angesema sikio limekufa, Asteris angeuliza kwa nini hukuacha, naye angelazimika kujibu: kwa ajili yako.

Lia ndiye aliyemkamata. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, anasomea uuguzi Thesaloniki, na alipokuja nyumbani alimwita baba yake mara tatu kutoka upande wa kushoto, mara zote akiwa hatua mbili tu. Mwezi wa tatu, mwaka huu ninaousimulia wa 2024, akamburuta kwa daktari wa masikio. Daktari alimwonyesha mstari ulioteremka kwenye karatasi. Sikio la kulia nalo lilikuwa limeanza kufuata njia ya mwenzake.

"Kiangazi kimoja," daktari akasema. "Ukipiga kiangazi kimoja tu tena, vuli hii utakuwa unasoma midomo ya mkeo."

Na kiangazi hicho kilikuwa kimeshapangwa: maonyesho ishirini na mawili, kusherehekea miaka thelathini ya wimbo ule ule.

Lazima niwaambie kuhusu Vaia, kwa sababu bila yeye hamtaelewa. Vaia ni mwanamke anayezungumza kwa sauti ya chini. Haongei na watu, anaongea na jiko. Asubuhi nzima ananung'unika: kitunguu kimeoza, jirani ameegesha vibaya, mume wake ameacha soksi juu ya redio. Mwanamume mwingine angekimbia nyumba. Zisis, kwa miaka ishirini na sita, alirudi kutoka visiwa na milima yote akiwa na hamu ya jambo hilo moja: kukaa jikoni na kahawa yake, asikie manung'uniko yale. Sasa aliyapata vipande vipande. Alikuwa akisogeza kiti karibu na jiko kila mwezi, na Vaia hakujua kwa nini.

Alipojua, hakulia. Aligeuka kutoka kwenye jiko, na mara hiyo alizungumza kwa sauti ya juu.

"Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini? Nikuandikie kwenye jeneza, 'Kumbaro, marehemu alikuwa anataka kuacha bendi'?"

"Vaia, ni kumbaro. Amenishikia taji."

"Na mimi alinishikia! Mbona mimi sipigi besi?"

"Kumbaro hakataliwi."

"Heshima si utumwa, Zisis. Mwambie, au nitamwambia mimi, na mimi nikisema unajua nitasema na ya mwaka tisini na nane."

Akaahidi kumwambia Jumamosi Kuu. Asubuhi ya siku hiyo Asteris alifika na mshumaa wa Pasaka kwa binti yake wa ubatizo, kama alivyofanya kila mwaka tangu 2002, hata sasa ambapo binti mwenyewe alikuwa mtu mzima anayechoma watu sindano. Mshumaa ulifungwa utepe wa buluu na gitaa dogo la mbao. Asteris alikuwa amekonda. Nywele zake zilizojulikana nchi nzima zilikuwa zimebaki kishungi kimoja nyuma ya kichwa, na alizifunga kwa mpira.

"Mpaka uolewe nitakuletea," akamwambia Lia. "Na ukiolewa, mataji nashika mimi, usithubutu kumleta mwingine."

"Baba Asteris, hata mchumba sina."

"Chukua muda wako, mwanangu. Mimi nipo."

Lia akamtazama baba yake. Vaia akamtazama baba Lia. Hata jiko, ningesema, lilikuwa linamtazama. Zisis akafungua mdomo na kusema, "Kumbaro, utakunywa kahawa?"

Ndivyo ulivyopita mwezi wa tano. Alijaribu tena baa, pale ambapo kila kichupa cha tsipuro, pombe yetu kali ya zabibu, huja na kisahani chake cha kitafunwa. Wakafika kisahani cha saba, pweza na dagaa wamekwisha, na neno halijatoka. Alijaribu kuandika barua. Barua ilianza "Kumbaro mpenzi" na haikuendelea. Kuchoka huku msikufananishe na uvivu. Mtu aliyebeba gunia miaka mingi, siku ya kulitua hata mikono haijui jinsi ya kuachia.

Katikati ya mwezi wa sita wakaondoka Volos kwenda Ioanina kwa onyesho la kwanza. Walitoka siku moja kabla, watu watatu katika gari la bendi, vyombo nyuma. Mpiga gitaa wa kukodi wa mwaka huo angekuja mwenyewe. Zisis alikuwa amemwapia Vaia mlangoni. Saa sita mchana walisimama kwenye mgahawa wa njiani, juu kidogo ya Kalambaka, mmoja wa ile ambayo wameshasimama mara mia: kahawa baridi yenye povu, mikate ya jibini iliyobanwa kwa moto, madereva wa malori wakipiga miayo. Rizos alikwenda kupanga foleni ya pai. Asteris alikuwa anakoroga sukari.

"Kumbaro," Zisis akasema. "Naacha."

"Unaacha nini? Sigara ulishaacha."

"Bendi."

Kijiko kikasimama. Zisis alijiandaa kwa machozi, kwa kukumbatiwa, kwa jina la Lia kutajwa. Badala yake uso wa Asteris ulilegea, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana.

"Rizos!" akaita, mgahawa mzima ukageuka. "Wewe Rizos, njoo! Amesema!"

"Nani kasema nini?"

"Zisis! Kasema anaacha!"

Rizos akaja na pai tatu, akazibwaga mezani. "Apa."

"Haki ya Mungu," Zisis akasema, hajui kinachoendelea.

"Kumbe wewe!" Rizos akaketi taratibu, mkono kiunoni, kama anavyoketi siku hizi. "Nilidhani nitakuwa mimi. Mgongo wangu, bwana, ulikufa mwaka ule wa theluji ya Kozani. Nina mizinga arobaini ya nyuki, inaangaliwa na shemeji asiyejua nyuki na nzi. Kila mwaka nasema, Zisis akitoka tu, natoka. Siwezi kuwa wa kwanza, watoto wangu wote wawili kawabatiza huyu Asteris."

"Na wewe?" Zisis akamuuliza Asteris.

"Mimi?" Asteris akagusa koo. "Nimepasuliwa hapa mara mbili hospitalini. Zile noti za juu, miaka sita sasa, nawaelekezea watu kipaza sauti waimbe wao. Mlidhani ni mapenzi? Nimekwisha, kumbaro. Nimekwisha tangu albamu ile ya elfu mbili na nane, watu walipoikataa. Kila kiangazi naomba Mungu mmoja wenu aseme."

"Si ungesema wewe!"

"Mimi nisemeje? Nimewatia mafuta watoto wenu. Niwaambie nini, nawaacha? Niwe Lambros?"

Rizos akaanza kucheka, akacheka mpaka mgongo ukamuuma. Asteris naye akacheka. Mimi nadhani wengi wangecheka: wanaume watatu wazima, kila mmoja amebaki kwa ajili ya wenzake wawili, na wote watatu wanataka kwenda nyumbani. Lakini Zisis hakucheka. Damu ilimpanda polepole, na alipoinuka kiti kilianguka.

"Miaka kumi na sita," akasema. "Miaka kumi na sita unataka kuacha, na hukusema."

"Kaa, kumbaro..."

"Sikai! Mimi nilisema! Tisini na nane nilisema, elfu mbili na mbili nilisema, na mara zote mbili ulinifungia mlango kwa kanisa. Nikanyamaza. Nikakuheshimu. Unajua heshima yako imenigharimu nini? Hili," akajipiga kofi upande wa kushoto wa kichwa, "hili limekufa. Halisikii kitu tangu elfu mbili kumi na tatu. Na daktari kasema kiangazi hiki linakufa na hili."

Mama wa kaunta alizima redio, kwa adabu. Asteris uso ulimpauka.

"La kushoto," Asteris akasema.

"La kushoto."

"Lakini... ndiko ninakosimama mimi. Jukwaani. Ninakuambia vile vichekesho, baina ya nyimbo."

"Najua."

"Miaka yote! Yule meya wa Grevena na wigi lake. Yule askofu. Ulikuwa unacheka mpaka unainama!"

"Nilikuwa naangalia mabega yako," Zisis akasema. "Yakitikisika, nacheka. Sijasikia hata kimoja."

Rizos aliacha kula. Asteris, kwa sababu ni Asteris, akajaribu mara moja ya mwisho. Simlaumu, desturi ya miaka thelathini haifi kwa kikombe kimoja cha kahawa. "Sikiliza. Basi tuage vizuri. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Haya ishirini na mawili, ya kuaga, watu watakuja kutoka kila pembe, tupige kwa mara ya mwisho, tutoke kwa heshima. Nakuomba kama kumbaro wako."

Hata Rizos akamtazama Zisis kwa matumaini. Ni neno tamu, kuaga. Na Zisis alikiri kwangu baadaye kwamba kwa muda wa kupumua mara moja aliona yote: uwanja umejaa, watu wazima wanalia, noti nne zile kwa mara ya mwisho. Akaona pia jiko, na mwanamke aliyempa mgongo, anasema kitu ambacho yeye hatakijua.

"Hapana, kumbaro," akasema.

Sijui kama mnaelewa uzito wa maneno hayo mawili yakikaa pamoja. Kwetu hayakai. Zisis mwenyewe aliinua kiti kilichoanguka, akaketi kama mtoto aliyeiba.

Asteris akatoa simu mfukoni, akavaa miwani, akatoka nje kwenye jua. Walimwona kupitia kioo akizungumza, akitembea, akizungumza tena, mkono mmoja unaeleza mambo kwa mtu asiyemwona. Aliporudi alikuwa na jasho.

"Ioanina nimewaambia. Wamenitukana, wana haki. Wengine nitawapigia mmoja mmoja mwenyewe. Msipokee simu za mtu, nyinyi. Mimi ndiye niliyewafunga, nitafungua mimi."

Hawakuambiana asante. Walilipa, wakazichukua pai ambazo hawakuzila, wakatoka. Upepo wa mlimani ulikuwa mzuri, na wote watatu walisimama nyuma ya gari, milango wazi, wakiangalia ngoma na spika zilizofungwa kamba kana kwamba ni mizigo ya mtu mwingine. Hakuna aliyekuwa na haraka. Hapo ndipo Rizos akauliza, ovyo tu, kama mtu anayeuliza funguo ziko wapi.

"Kwani mara ya mwisho tulipiga wapi?"

Wakafikiri. Mwezi wa nane mwaka jana Skiathos. Baada ya hapo Trikala. Baada ya hapo...

"Farsala," Zisis akasema. "Mwezi wa tisa. Ile sherehe ya halua."

"Aa, ndiyo. Mvua ilinyesha."

"Tukakatisha. Zilibaki nyimbo tatu, mwenye mitambo akasema umeme utatuua."

"Watu walikuwa wameshakimbia," Rizos akasema. "Alibaki mzee mmoja na mwavuli."

Asteris alikuwa anahesabu kwa vidole. Zisis alimwona akifika mwisho wa hesabu, na akajua amefikia nini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshafika.

"Dirisha tulikuwa tumeuweka mwisho," Asteris akasema.

"Kama kawaida."

"Kwa hiyo hatukuupiga."

"Hatukuupiga," Zisis akasema.

Asteris akakaa kwenye ukingo wa gari, miguu inaning'inia, uso mikononi. Mabega yake yakaanza kutikisika. Zisis aliyatazama, na kwa mazoea akaanza kutabasamu, kisha akajizuia. Kutoka pale alipo asingeweza kujua kama ni kicheko au ni kilio. Akazunguka upande wa pili, akapanda, akaketi karibu, sikio lake zima likiwa kwa kumbaro wake. Asteris alikuwa analia, na katikati ya kilio alikuwa ananong'ona kitu.

"Sema tena," Zisis akamwambia.

"Nasema yule mzee wa mwavuli," Asteris akasema, akipangusa pua kwa mkono. "Hakuwa mpenzi wetu. Alikuwa anasubiri tuondoke, tulikuwa tumeegesha mbele ya banda lake la halua."

Zisis akacheka mpaka akainama.